Bega la Sajini Saverio Okeny, Askari wa Barabarani

Marehemu Saverio Okeny alizaliwa Kitgum tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa pili wa Koplo Oola na Mama Aryemo. Baba alipohamishiwa Kampala, familia ilihamia Makindye, na huko Saverio akasoma hadi kidato cha nne. Mwaka 1985 alijiunga na polisi, akawa askari wa barabarani.

Mke wake alimpata kazini. Moreen, binti wa Kisumu aliyekuwa akiuza vitenge Kamwokya, alivuka barabara bila kujali mkono aliouinua Saverio kumzuia.

"Dada, hukuuona mkono?"

"Niliuona. Nilidhani unanisalimia."

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajenga Kyebando.

Mwaka 2010 bega la kulia lilianza kumuuma, na mkono ukawa unaanguka wenyewe. Madereva wakadhani wameruhusiwa. Minong'ono ikaenea kwamba afande anakunywa, yeye ambaye hata kwenye harusi yake alikunywa soda. Moreen mwenyewe alimnusa mdomo. Marehemu hakugomba, lakini ilimuuma kuliko bega.

Siku moja mkono ulishuka, lori likaondoka, na mama mmoja alikuwa katikati ya barabara. Saverio aliruka akamvuta. Wote walisalimika. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mkubwa wake akaomba aondolewe barabarani, asije akaua mtu.

Daktari Alum alimpiga picha za bega, akamweleza: "Mfupa bapa wa bega una kijipengo juu, mshipa wa fahamu hupita hapo. Kwa wengi kiko wazi. Chako kimefunikwa na mfupa, ni kitundu chembamba, mshipa unabanwa. Ndiyo maana misuli imelegea."

"Kwa hiyo si pombe?"

"Pombe? Ndivyo ulivyoumbwa, afande."

"Daktari, tafadhali. Mke wangu yuko nje. Mwite, umwambie tena."

Moreen alisikiliza, akalia, akamwomba msamaha mbele ya daktari. Saverio akamwambia, "Basi, leo unipikie samaki." Alifanyiwa upasuaji Machi 2011, kitundu kikafunguliwa. Miezi mingi Moreen alimvisha shati na kumkumbusha mazoezi, mpaka nguvu zikarudi. Alirudi barabarani akafanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2023.

Mwaka jana shinikizo la damu liliharibu figo zake. Alitibiwa kwa muda mrefu, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2025 Moreen alikuwa kando ya kitanda akimsimulia habari za sokoni, naye akitabasamu. Alipofumba macho, Moreen alidhani amesinzia. Akaendelea kusimulia, kwa sauti ya chini, asimwamshe.

Ameacha mjane, Moreen; watoto wawili, Valarie na Kidega; wajukuu watatu; na dada yake Atoo, anayewasomea haya.

Mungu ampokee Saverio wetu, ampe usingizi mtulivu.