Mahali Ambapo Hakuna Mwenye Miguu

Ndugu zangu, wenzangu mliokatwa mikono na miguu, hakuna kitabu. Nianze na hilo. Tangu nipate ajali niliwaambia majirani kule Handeni, nikawaambia na ninyi mliponialika mara ya kwanza, kwamba siwezi kutoka ndani kwa sababu naandika kitabu kuhusu michezo ya uhalisia pepe na mustakabali wake. Sikuandika hata ukurasa. Nilikuwa nacheza.

Mwanzo wangu mnaujua, unafanana na wa wengi humu: bodaboda, lori, barabara ya Korogwe. Nilipozinduka nilikuwa nimekatwa chini ya goti la kushoto. Mguu wenyewe ukazikwa Kerenge, kwenye makaburi ya ukoo. Mjomba akaja kitandani kunipa habari: "Usijali, mwanangu, umetanguliza wa kukushikia nafasi." Kwetu hufarijiana hivyo.

Rafiki niliyesoma naye chuo kikuu, anayeishi ng'ambo, akaniletea ile miwani mikubwa ya kufunga usoni. Ukiivaa, chumba chako kinatoweka, unajikuta kando ya ziwa. Watu wa nchi mbalimbali wanakutana humo, wanavua samaki, wanapiga soga. Na nawaambieni kilichoninasa: katika mchezo ule hakuna aliyekuwa na miguu. Watengenezaji walikuwa hawajaiweka. Sote tulikuwa viwiliwili vinavyoelea. Mimi, mwanamke mwenye shahada mbili, nikaona nimefika kwetu.

Mdogo wangu alikuwa ameacha kazi kiwanda cha katani Ngombezi ili anitunze. Kila asubuhi alisimama mlangoni na mafuta ya kunikanda.

"Dada, unaongea na nani humo?"

"Marafiki."

"Wana miguu?"

"Hawana."

"Basi mmekutana. Haya, vua hiyo miwani ya kuchomelea, tunyooshe goti."

Nikamwambia kesho. Daktari alikuwa ameonya: nisipolinyoosha litakakamaa, na goti lililokakamaa halivai mguu wa bandia. Nami nikashinda kitini, goti limekunjwa, navua samaki wasionuka.

Kisha miguu ikaja. Watengenezaji waliuboresha mchezo, nikatazama chini nikaiona miwili, imevaa raba nyeupe. Ndugu zangu, nilitembea. Nililizunguka lile ziwa huku nalia hadi vioo vikaingia ukungu. Mdogo wangu akaita kutoka jikoni, "Dada, chai!" Nikajibu, "Naja," nikainuka, nikatanguliza mguu wa kushoto.

Kigutu kikapiga sakafu ya saruji, kovu likapasuka. Mdogo wangu alipofika hakunigombeza. Alikaa chini pale pale kwenye damu, akakibana kwa kanga yake.

"Huo mguu mimi ndiye niliyeupeleka Kerenge," akasema. "Niliupakata ndani ya gari, umefungwa kanga yako ya njano. Ulikuwa mzito, dada. Usiniambie unao."

Hakuwahi kunieleza. Nami, msomi, sikuwahi kuuliza nani aliubeba.

Kidonda kilichukua miezi kupona. Goti lilikuwa limeshakakamaa. Fundi wa miguu ya bandia alilipima, akatikisa kichwa, akasema tuendelee kulinyoosha lakini haahidi kitu, atapiga simu. Mdogo wangu akawa ananikalia paja kama anayeshindilia robota la katani. Nilimtukana matusi ambayo hayafundishwi chuo kikuu. Siku nyingine tulilia wote wawili, yeye akiwa bado amenikalia.

Mtaniuliza kama naichukia miwani. Siichukii. Itakuja tu, itakuwa nyepesi, itashuka bei. Watoto wa Magoma wataivaa darasani waone moyo wa binadamu ukidunda, na litakuwa jambo jema. Ninachokikataa ni ile ahadi kwamba siku moja hatutauhitaji mwili. Kila niliyekutana naye kando ya lile ziwa, mwili wake ulikuwa umeachwa kwenye kiti mahali fulani, unasubiri. Wangu ulikuwa unakakamaa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuivaa na aivae, ila ahakikishe yupo mtu wa kumwita chai, na kwamba atamsikia.

Nawashukuru ninyi, mliorudi kunialika baada ya mimi kuwadanganya. Namshukuru mjomba, aliyenipeleka Kerenge nikalione lile kaburi fupi. Na mdogo wangu ni yule pale nyuma, anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nafasi yake Ngombezi alishapewa mtu mwingine. Hilo sina namna ya kulirudisha.

Juzi tulikuwa kwenye kunyoosha, yeye juu, mimi chini, simu ikaita. Alikuwa fundi.

"Shikamoo, mama. Nimerudia kuangalia vipimo vya goti lako."

Nikasikia mtu anapiga msasa nyuma yake. Mdogo wangu akaacha kukandamiza.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Uje na viatu."

"Nije na kipi?"

"Vyote viwili, mama."