Remiksi ya Kumi na Tisa

"Babu, masikio hayajachoka? Tangu tupande ni mdundo uleule," dada mmoja alimtania mzee aliyevaa spika za masikioni ndani ya tramu, hapa Berlin. Mdundo ulivuja hadi kwangu, dada hakuongopa.

"Ni remiksi kumi na tisa, wimbo mmoja uliopigwa upya kila mara. Tulipokosana nilimwachia Jörn, rafiki yangu mwanamuziki, ujumbe wa sauti kwenye simu. Hakunipigia, akanitumia albamu hii aliyoitengeneza. Nikaishia remiksi ya tatu. Leo tumemzika, ndiyo nimeifikia ya mwisho. Hebu sikiliza."

Dada alichukua spika moja. "Kuna mtu anasema, 'Jörn, ni Detlef, tuyamalize.'"

"Ndiyo, ni mimi, ujumbe wangu uleule. Miaka ishirini nilisema hakunijibu."

"Si alikujibu, babu? Kaitia sauti yako ndani ya wimbo wake."

"Angenipigia tu!"

Tramu ilifika mwisho wa njia. Mzee hakushuka, alikuwa ameirudia remiksi ya kwanza.