Kila Mwenye Kikombe Alizungusha

Benchi letu liko mbele ya jiko la Garba muuza chai, hapa Kano, nyuma ya safu ya mafundi redio. Siku nyingine tunagombana mpaka mate yanatoka, kisha tunacheka, tunaondoka. Jana hakuna aliyecheka. Juu ya meza ya mikate ilikaa osiloskopu ya chuo cha ufundi, ile mashine yenye kioo cha kijani inayochora umeme unavyotembea. Ni nzito kama kondoo wa Idi, na ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Malam Tasi'u, fundi wetu, alikuwa ameifungua tangu asubuhi na kioo bado kilikuwa giza tupu. Kitabu chake cha ufundi kilipotea zamani, na waliokiandika pengine wameshakufa. Mkuu wa maabara alimwambia: ukiiwasha hii, kazi ya fundi wa maabara ni yako. Miaka kumi na mmoja Tasi'u anaiota kazi hiyo. Na mashine ilikuwa inakuja kuchukuliwa baada ya alasiri, maana kesho yake wanafunzi wana mtihani. Alasiri tulikuwa tumeshaiswali.

Tasi'u: Umeme unaingia. Nimepima kote. Ile taa ya nyuma ya kioo inawaka, naiona kwa macho yangu. Sasa mbona haichori?

Dogo, dereva wa bajaji, mrefu kiasi kwamba hukaa magoti yakiwa kifuani: Vumbi. Msimu huu hata mimi sichori.

Tasi'u: Nimeipuliza mara tatu, Dogo. Tatu!

Alhaji Betiri, muuza betri, ambaye hajawahi kwenda Makka ila anapenda kuitwa hivyo: Mashine ya Wazungu hiyo. Imezoea baridi. Hapa joto linailevya. Garba, lete barafu.

Garba: Barafu kwenye meza yangu ya mikate? Nyinyi watu mna akili kweli?

Tasi'u: Jamani, humo ndani mna volti elfu mbili. Mtu asilete maji.

Alishika kichwa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu. Roho iliniuma. Mimi nafua kofia tu na kuzinyoosha, umeme siujui, lakini Tasi'u ni mtu wangu.

Dogo: Hizo skrubu ndogondogo za ndani je? Redio ya shangazi yangu uliitengeneza kwa kuzungusha moja tu.

Tasi'u: Ile ilikuwa redio.

Dogo: Mashine ni mashine, bwana.

Hapa kwetu desturi ni moja: fundi akikwama, kila mwenye kikombe anatia mkono. Redio ngapi zimefufuka hivyo! Unazungusha huku unasikiliza, sauti ikinyooka unaacha. Tasi'u alitazama barabarani, akatazama kioo, akampa Dogo bisibisi.

Tasi'u: Kidogo tu. Kidogo!

Dogo akazungusha. Kioo giza vilevile.

Alhaji Betiri: Nipe mimi. Hii ilikuwa ya jeshi, nimeijua kwa rangi. Za jeshi zikifunguliwa na raia zinajifunga zenyewe, mpaka upate namba ya siri.

Tasi'u: Imetoka chuoni, Alhaji.

Alhaji Betiri: Ndivyo wanavyotaka uamini.

Naye akazungusha, ya kushoto, kisha akarudi kwa Dogo kumwambia alikosea, akazungusha na ile ya Dogo. Garba akaacha mayai aliyokuwa anakaanga yanaungua, akaja na uma. Alisema mashine inamkumbuka aliyeitengeneza, imejaa huzuni, lazima ishtuliwe. Nikaona aibu kukaa bure. Nami nikazungusha.

Hapo bajaji ikasimama. Akashuka mwanamke, hijabu imejaa vumbi, mkononi ameshika karatasi.

— Salaam alaikum. Mimi Rabi, natunza maabara. Nimekuja kuichukua.

Tasi'u: Hajiya, nipe nusu saa. Tafadhali. Haichori kabisa.

Rabi aliinama mbele ya mashine, akatazama vitufe vya nje, akaminya kimoja. Mstari wa kijani ukatokea kiooni.

Dogo: Kai! Alhamdulillahi!

Rabi: Kitufe hiki wanafunzi hukiminya bila kujua. Kikiwa ndani, mashine inangoja umeme wa kupimwa uingie ndipo ichore. Haikuwa mbovu.

Tasi'u alicheka huku machozi yanamtoka. Alhaji Betiri alikuwa ameshaanza kudai kwamba ni yeye aliyefungua namba ya siri. Ila Rabi hakucheka. Alitoa waya mfukoni, akauchomeka kwenye kile kijipini cha mashine kujipimia yenyewe. Mchoro ukaja umelala upande, mnene, umepinda.

Rabi: Hapa mchoro unatakiwa ujaze vyumba vinne kamili vya kioo. Hivi ni vitatu na kitu. Mmegusa skrubu za ndani?

Tasi'u: Kidogo.

Rabi: Hatuna kitabu, Malam. Zilivyokuwa zimekaa ndicho kitabu tulichokuwa nacho. Kabla hamjazigusa, zilikuwa zinaelekea wapi?

Mayai ya Garba yalikuwa yanafuka moshi na yeye hata hakugeuka.

Tasi'u: Sikuweka alama.

Rabi: Wanafunzi arobaini kesho watapima kwa kitu kinachodanganya. Na karatasi hii ya kuitoa nimesaini mimi.

Alitoa kalamu, akaigeuza karatasi, akachora picha ya ndani ya mashine, skrubu zote saba.

Rabi: Basi kila mtu aniambie. Alizungusha ipi, na kwa kiasi gani. Labda tutazirudisha.

Dogo alionyesha yake. Alhaji Betiri akanyoosha vidole viwili. Garba akaonyesha yake kwa uma. Tasi'u alikuwa ananitazama mimi, macho mekundu, kama anayeomba.

Nikasema moja. Zilikuwa mbili, na ya pili sikumbuki hata ilikuwa ipi.