Rangi Aliyonichagulia Kaka Wilondja

Wazee wa kanisa, majirani wa Fort Worth, na ninyi mliotoka Houston alfajiri kuja kumsindikiza, mimi ni Matumaini, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma karatasi hii, na mkinisikiliza hadi mwisho mtajua kwamba sikustahili.

Kaka yetu Wilondja alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, akaanza shule ya msingi mwaka 1985, akafika sekondari, na masomo yakakatika Oktoba 1996, vita vilipotufikia na baba yetu akauawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yake, tukavuka Ziwa Tanganyika na mama hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako kaka alijifunza kupaka rangi milango na madawati.

Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Rosette, ambaye nyote mnamwita Mama Christelle, Mungu akawajalia Christelle mwaka 2006 na Isack mwaka 2010. Walifika Texas tarehe 3 Novemba 2015, kaka akabeba maboksi ghalani Irving, na Mei 2018 akaajiriwa kwenye karakana moja hapo hapo Irving.

Sasa hapa karatasi inasema alikuwa fundi wa rangi za magari, na mimi ndiye niliyeandika hivyo juzi, Mama Christelle akaniangalia tu. Jamani, ni uongo. Kaka alipaka rangi bunduki na bastola za watu, miaka saba, nami niliona haya kulitaja neno hilo mbele ya jeneza lake.

Na haya hiyo haikuanza juzi. Februari 2020, duka la jirani yangu kule Houston ninakoishi lilipovamiwa, nilinunua bastola kwa siri, na unyevu wa Houston ukaitia kutu kabla ya mwaka kwisha, hivyo nikaendesha gari hadi Irving nikamwomba anipakie nyeusi ya kung'aa kama ya kwenye sinema, naye akacheka mpaka akakaa chini, akanieleza kwamba ya kung'aa huonyesha kila mkwaruzo, akanichagulia kijivu kisichong'aa, rangi yenye unga wa kauri inayozuia kutu, akahakikisha bastola haina risasi ndani, akaifungua vipande vipande, akavisafisha mafuta, akavipiga mchanga ili rangi ipate pa kushika, akanyunyiza safu nyembamba, akavioka kwenye tanuri, kisha akanikabidhi pamoja na kisanduku cha kufuli, akinisihi watoto wangu wasiifikie kamwe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na bunduki hata moja, na sababu mmeisikia.

Jumapili tarehe 19 Septemba 2021, jina lake lilipoletwa hapa ili awe shemasi, mimi, mzee wa kanisa la Houston, niliyealikwa tu kikaoni, nilisimama nikasema kwamba mkono unaolishwa na bunduki haufai kushika kikombe cha Bwana, na wakati huo bastola yangu ilikuwa kabatini nyumbani. Angetamka neno moja tu ningeumbuka. Hakulitamka, akaondoa jina lake mwenyewe, na tulipokutana nje kwenye maegesho aliniuliza tu kama ile rangi bado inashika, nikageuza uso, nikawasha gari.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Dallas, nikakaa kando ya kitanda chake siku tatu nikizungumzia foleni za barabarani, kuomba msamaha kukanishinda, naye akafariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi msibani, na kwa namna ya pekee wenzake wa karakana, mliokaa kule nyuma kabisa bila mashati yenu ya kazi kwa sababu mimi, kwa haya yangu, niliwaomba hivyo, naomba mnisamehe, na tafadhali njooni mbele mlibebe jeneza pamoja nasi. Wazee, uzee wa kanisa naurudisha leo.

Kaka, uliniuliza swali sikukujibu. Niliitazama ile rangi jana kabla ya kuja, imeshika, haijachubuka popote. Lala salama, kaka yangu, upumzike.