Kwandu Shigela, Msindikizaji wa Waliokwenda Kujifungua

Marehemu Kwandu Shigela alizaliwa mwaka 1946. Hapana, ni 1947. Mumewe, mzee Mayige, anayeandika haya, alichanganya na mwaka wa dada yake. Ilikuwa Shishiyu, Maswa, naye alikuwa mtoto wa nne wa mzee Shigela.

Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa aende kuchunga, maana kaka zake walikuwa wameshaondoka nyumbani. Huko machungani alijifunza kumjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake, na elimu hiyo haikumtoka.

Juni 1965 aliolewa na Mayige, akahamia kijiji cha jirani na Bariadi. Walijaliwa watoto watatu: Masele, Nyanjige na Magese.

Alilima pamba na mtama, lakini wengi mliofika leo mnamjua kwa kazi nyingine. Hakuwa mkunga, wala hakukubali kuitwa hivyo. "Mimi simshiki mtoto," alisema, "namshika mama." Alimsugua mgongo, akamnywesha uji, akamtembeza uani, na damu ikizidi alikuwa wa kwanza kumwita nesi. Uchungu ukibana alimwambia, "Taja ng'ombe wa baba yako, mmoja mmoja, taratibu." Uchungu mmoja, ng'ombe mmoja, na pumzi inarudi. Dorkasi, binti wa mvuvi wa Lamadi, alimkaripia: "Mayu, mama yangu, kwetu hakuna hata mbuzi!"

"Basi taja samaki. Ila dagaa waache, hatutamaliza leo."

Dorkasi alijifungua huku anacheka.

Oktoba 1994, miaka ile ya kila mgonjwa kujinunulia vifaa, Nyanjige alifikishwa hospitali na mimba yake ya kwanza. Nesi alikuwa mmoja, wazazi saba. Alimzuia marehemu mlangoni: "Mama, ndugu wanasubiri nje."

"Nimshike mkono tu, mwanangu."

"Ndio utaratibu, mama."

Mayige alitumwa madukani kutafuta glavu na wembe, wodini vilikuwa vimekwisha. Marehemu akazunguka, akasimama chini ya dirisha, akaita, "Nyanjige, anza!" Nyanjige akaanza kutaja ng'ombe wa baba yake. Mayige alimsikia mpaka barabarani, yule mwekundu mwenye paji jeupe, yule wa pembe moja. Aliporudi na glavu zake kwenye karatasi, dirisha lilikuwa kimya. Mtoto alipona. Nyanjige hakupona.

Mtoto huyo ni Monika. Bibi yake alimlea. Mwaka uliofuata marehemu alirudi mlango uleule akimsindikiza mwanamke mwingine. Nesi mpya, Lukresia, alimfungulia: "Ingia, mayu. Ukiwepo hofu inawapungua, na sisi tunaitwa mapema." Aliingia hivyo miaka mitano. Ila habari ya ng'ombe aliiacha. Wanawake wake walitaja visima.

Agosti 2000 alianza kuvimba miguu. Mwanza wakasema ni figo, wakamrudisha. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 13 Machi 2001, Mayige akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, wana wawili, Masele na Magese, mjukuu wake Monika na wajukuu wengine sita. Alale salama Kwandu, ubavuni kwa binti yake.

Jambo moja Mayige alimuuliza jioni ile ya 1994, akamuuliza tena wiki iliyopita, naye akageuzia uso ukutani: Nyanjige alikuwa amefika ng'ombe yupi?