Kuzama Ngazija Bila Kamba

Hebu piga picha hii. Ni asubuhi ya Jumapili pale mtaani Rahaleo, kwenye bandari yetu ya kusini, miaka michache baada ya Azimio. Benchi limeegemea ukuta, na Salumu muuza kahawa anatumiminia kahawa chungu. Amekaa Josephu, karani wa bandari, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Amekaa Andrea, zamani tarishi wa mahakama, ambaye sasa ni Hakimu wa kila jambo. Kati yao yupo Omari mzamiaji, anayesugua matumbo ya meli, na Filipo, ambaye hubaki juu gatini akimshikia kamba. Wageni wa meli moja ya utafiti wanataka kumchukua Omari hadi kisiwa cha Ngazija, akazame nao kuwatazama papa shilingi na nyangumi. Meli inaondoka kesho, na Omari bado hajajibu.

— Nenda, ndugu, alisema Redio. Ngazija kuna mlima wa moto. Maji yake ni vuguvugu, ndiyo maana samaki wakubwa wanakusanyika. Wanaota moto, kama watu wa Newala siku za baridi.

— Uongo huo, alisema Hakimu. Ni majivu. Mhogo ukiupanda penye jivu unakuwaje?

— Kwani papa anapandwa?

— Ananawiri! Tena ukichunguza sana, kile kisiwa chenyewe ni nyangumi aliyelala. Ule moshi ni pumzi zake.

— Na siku akijigeuza?

— Wangazija wataogelea.

Tulicheka. Filipo peke yake hakucheka.

— Papa shilingi hana neno, alisema Omari. Mdomo mpana kama mlango, lakini chakula chake ni vidudu vidogovidogo vya majini.

— Ndiyo haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, alionya Hakimu. Huko mwenyeji ni papa, mgeni ni wewe. Sasa atakayepona ni nani?

Filipo aliweka kikombe chini.

— Jana walikujaribisha mtungi wao wa hewa. Ilikuwaje?

— Ah, Filipo! Hakuna kofia ya shaba, hakuna mpira wa hewa. Mtungi mgongoni, basi, unakwenda kama samaki. Akapita samaki taa mkubwa juu yangu, mpana kama paa la nyumba. Maji yote yakawa kivuli. Nikafurahi mpaka...

— Mpaka?

— Mpaka nikataka kukwambia. Nikapeleka mkono kiunoni nivute. Hakuna kitu.

Kwa asiyejua, gatini Omari akivuta kamba mara moja, maana yake ni mzima. Filipo naye humjibu kwa kuvuta mara moja. Ndivyo walivyozungumza miaka yote, mmoja nchi kavu, mmoja majini.

— Na kama ungekuwa umekwama? aliuliza Filipo, polepole.

— Wenyewe wanazama wawili wawili. Kila mtu anamtazama mwenzake.

— Kumbe kamba yao ni macho, alisema Redio.

— Na macho hayana pazia, alimalizia Hakimu, akijiona amehukumu.

Hapo akafika Somoe, mkewe Omari, ametoka sokoni na kapu lake. Alikuwa ameyasikia ya mwisho; alitusalimia, akasimama kidogo.

— Baba Sharifa, huyo mwenzako wa kutazamana naye huko chini, anaitwa nani?

Omari akamtazama Redio, mtu wa bandarini. Redio akatazama birika la Salumu.

— Yule mwenye ndevu, alisema Omari.

— Wenye ndevu ni wengi. Jina lake?

Hata Hakimu alikosa methali.

— Sikukatazi kwenda, alisema Somoe. Nataka tu, nikikuombea dua, nijue nimtaje nani pamoja nawe.

Omari alivaa kandambili zake, akasimama. Filipo naye akasimama.

— Twende wote, shemeji, alimwambia Somoe. Huyo mtu lazima aambiwe kwamba Omari akichoka hukunja mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe hajijui.

Wakashika njia ya bandarini, watatu, kapu likiwa mkononi mwa Filipo.

Ukiyasahau ya papa na ya mlima wa moto, si neno. Nakuomba ukumbuke hili moja tu: kabla hujazama na mtu, muulize jina lake.