Mwaka wa Nzige Umemfikia Fundi Pantaleo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufungua mashine na kuzifunga tena, mara nyingi bila skrubu kubaki mezani, Fundi Mkuu wa karakana yetu, Bwana Pantaleo Maduhu, anastaafu tarehe 30 Juni 1986. Yeye mwenyewe alikuwa na mawazo mengine kuhusu tarehe hiyo. Nitalieleza hilo huko mbele, maana ofisi nzima bado inacheka.

Aliajiriwa mwaka 1955 kupaka grisi mashine za kuchambua pamba, akapanda ngazi hadi kukabidhiwa funguo zote. Msimu wa 1968 mkanda wa mashine kubwa ulikatika, na spea ilikuwa haijulikani iko bandari gani. Fundi akauunga kwa ngozi ya ng'ombe. Kazi iliendelea, ila mbwa wa mtaa wetu wote wa Ngokolo walihamia karakanani kwa wiki tatu.

Nje ya kazi, wengi tunamfahamu kama Katibu wa Chama cha Pikipiki Kongwe, ambacho mimi ni mshika saa wake. Sharti la kuingia lilikuwa moja tu, pikipiki iwe imetengenezwa kabla ya Uhuru. Kila Sabasaba tulishindana pale uwanjani Ngokolo, na mshindi wa kila daraja alipewa jogoo.

Shida ilikuwa hayo madaraja. Kila mwanachama aliyeshindwa aliomba daraja lake, na Katibu, ambaye hajui kusema hapana, alimpa. Kulikuwa na daraja la pikipiki zenye taa inayowaka na daraja la zenye taa isiyowaka. Kulikuwa na la kiti cha ngozi, na la kiti cha gunia. Kufikia mwaka 1973 tulikuwa na madaraja tisa na waendeshaji tisa. Kila mtu alishindana na kivuli chake, akashinda, akaenda zake na jogoo. Fundi Pantaleo, akiwa peke yake katika daraja la pikipiki zenye kigari cha pembeni, alikuwa bingwa miaka minane mfululizo, na ubingwa huo aliutaja hata kwenye misiba.

Watazamaji nao si wajinga. Mnajua kwetu ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Sabasaba ya mwaka huo Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walicheza upande wa pili wa uwanja, wakazoa umati wote. Sisi tulibaki na watazamaji saba, na watatu kati yao walikuwa wake za waendeshaji waliokuja kupokea majogoo. Mtendaji wa kata akatuambia wazi kwamba mwaka unaofuata tusipopata watu, uwanja tutauachia ngoma.

Hapo ndipo Fundi alipoonyesha akili yake. Aliyafuta madaraja yote tisa akaweka matatu, kwa umri wa pikipiki. Kwa kuwa mashine zile hazikuwa na kadi wala karatasi, aliamua umri wa kila moja utafutwe kama tunavyotafuta umri wa watu, yaani kwa mashahidi na matukio. Madaraja yakawa Kabla ya Nzige, yaani wale waliokula mashamba mwaka 1931, Kabla ya Vita vya Hitla, na Baada ya Vita. Ya kwake aliiandika Kabla ya Nzige, akieleza kwamba ililetwa na Mzungu wa kwanza kabisa kutafuta dhahabu Geita. Hakuna mwingine aliyethubutu kudai hivyo, kwa hiyo jogoo wa tisa alikuwa kama yuko chunguni.

Bahati mbaya, Mama Esta alikuwa akiuza uji pale langoni. Huyu ni Bibi Scolastika, wa kijiji kimoja na Fundi, na ndiye aliyekuwa akimpikia Mzungu yuleyule. Alipoitwa atoe ushahidi hakuweka hata kata chini. Alisema pikipiki ile iliposhushwa kwenye lori yeye alikuwapo, na Esta wake alikuwa anaanza kutembea. Esta alizaliwa mwaka vita vilipokwisha.

Fundi angeweza kubishana, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Badala yake alikata jina lake kwa mkono wake mwenyewe, akajihamishia Baada ya Vita, kwenye daraja la Bashiri wa Isaka, mtu ambaye vumbi lake tu lilikuwa na haraka. Siku hiyo nilimheshimu kuliko siku nyingine yoyote.

Sabasaba ya 1974 ilikuwa na mashindano ya kweli. Watano walikuwa daraja moja, wakikabana roho. Kwenye mteremko wa mwisho kigari cha Fundi kilichomoka kikiwa na abiria wake, Makoye, kikateleza kwenye nyasi kavu na kuvuka mstari kabla ya pikipiki yenyewe. Nilimwandika Makoye wa nne na Fundi wa tano. Kelele zilipopanda, watu wakaziacha ngoma, na wachezaji wakaja nyuma yao na njuga miguuni. Uwanja tunao hadi leo. Jogoo alikwenda Isaka, na Fundi hajapata mwingine tangu hapo.

Sasa turudi kwenye tarehe. Mwezi wa pili ofisi ilitafuta mwaka wake wa kuzaliwa, ikakuta faili lina alama ya kuuliza tu. Fundi akaapa kwamba alizaliwa miaka mitatu baada ya nzige, hivyo hajafikisha hamsini na mitano ya kustaafu na bado ana muda wa kutosha nasi. Afisa utumishi, ambaye naye ni mwanachama wa pikipiki, alimwita shahidi. Mama Esta alikuja na kata yake.

"Nzige walipotua nilikuwa nimembeba mgongoni," alisema. "Alikuwa na meno manne, na alimtafuna mmoja mbichi."

Basi mtu aliyeizeesha pikipiki yake akajipunguzia umri mwenyewe, na shahidi ni yuleyule. Fundi alicheka hadi akafuta macho, kisha akaomba akae kidogo peke yake karakanani. Tulimwacha. Mikono yetu sote humu ndani imefundishwa na mikono yake, na tutamkosa kila mashine itakapokohoa.

Chama nacho kimekaa na kuamua. Daraja la Kabla ya Nzige halijawahi kupata mshiriki tangu liandikwe. Sabasaba hii Fundi ataingia humo, kwa umri wake mwenyewe uliothibitishwa na shahidi, na atakimbia peke yake.

Wabeja sana, asante sana, Fundi Pantaleo. Nenda ukapumzike salama na familia yako, uishi miaka mingi yenye afya na furaha. Jogoo tumeshamfunga kamba.

Mwasiti Nassibu
Karani wa Stoo